Dua ya Jiwe la Nusu Kilo

Watu wa mtaa walimwita Nusu Gramu, na jina hilo hakulipata bure. Mwaka mmoja alimrudishia muuza nyama mizani aliyomtengenezea, halafu siku hiyo hiyo akaifuata buchani kwa miguu, akaing'oa mezani mbele ya wateja na kuondoka nayo kwapani, eti imebaki na nusu gramu haijamkaa vizuri. Muuza nyama alimwambia kwamba nusu gramu ni ile chembe ya mfupa inayoruka shoka likipigwa. Nusu Gramu hakucheka. Nyama iliuzwa kwa kukadiria mpaka jioni.

Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa mtu mbaya, ila kuamini kulimpa taabu kama kung'oa jino. Chenji aliihesabu mara mbili akimtazama muuza duka usoni. Maziwa aliyanusa kabla ya kulipa. Alipokwenda kuposa, aliomba kuonyeshwa cheti cha kuzaliwa cha bibi harusi, na mkewe hajalisahau hilo mpaka leo. Wakigombana kidogo tu humuuliza kama akakilete tena akikague.

Karakana ya mizani alimofanya kazi ilikuwa ya baba mkwe wake, na mzee alipofariki ikaangukia kwa mdogo wa mwisho wa mkewe, kijana ambaye Nusu Gramu mwenyewe alimfundisha kuendesha baiskeli. Sasa kijana huyo alikuwa na kitambi na funguo za mlango, na ndiye bosi. Waliitana "Shemeji" asubuhi mpaka jioni, hata wakikasirikiana. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, kirefu, na meza ya mbao iliyounguaungua ukutani. Mwisho kabisa, ndani ya sanduku la vioo, ilikaa mizani kubwa ya sahani mbili. Pembeni yake lilikuwapo kasha la mawe ya asili, yale yanayotumika kupimia mengine, yamelazwa kwenye mahameli. Hayo hayashikwi ila kwa kibano, maana hata jasho la kidole lina uzito.

Sasa, kuna jambo moja la kazi hii ambalo lazima lielezwe. Jiwe la mizani lina tundu chini, na tundu hilo limejazwa madini ya risasi. Jiwe likilika kwa miaka huwa jepesi, basi fundi huyeyusha risasi kidogo, huimimina tunduni, hugonga, kisha hupunguza kwa tupa mpaka lilingane na jiwe la asili. Hapo ndipo wengi huchemsha. Jiwe likiwa bado na joto, hata joto dogo ambalo kiganja hakilisikii, mizani hulisoma jepesi kuliko lilivyo. Fundi huongeza risasi, mshale unasimama katikati, anafurahi. Saa moja baadaye jiwe limepoa, na limezidi. Dawa yake ni kungoja tu, basi.

Baba mkwe alimfundisha Nusu Gramu kila kitu isipokuwa hilo. Aliligundua mwenyewe mwaka wa nne, baada ya kutukanwa na wateja wa kutosha, na tangu siku hiyo hakumwonyesha mtu. Akifika hatua ile aligeuka, akakipa chumba kizima mgongo, akaliweka jiwe juu ya kipande cha marumaru na kuinama. Alilisogelea kwa shavu bila kuligusa ili alisikilize joto lake. Dakika ishirini, wakati mwingine thelathini. Alikuwa na tabia ya kuhesabu kwa kunong'ona, kwa hiyo ukiwa nyuma yake uliona kichwa kimeinama na kusikia mnong'ono, basi.

Jumatatu moja Shemeji aliingia na bahasha, uso umemchangamka. Alieleza kwamba serikali ina mpango mpya. Mwajiri akimchukua mtu asiye na kazi na kumfundisha hapo hapo kazini, serikali italipa nusu ya mshahara wa mtu huyo kwa miezi sita. Mwisho wa miezi sita atakuja mkaguzi kumpima. Akifaulu anapata cheti na anaajiriwa. Asipofaulu, anarudi alikotoka.

"Wao wanapata nini?" Nusu Gramu aliuliza.

"Nani?"

"Hao wanaolipa."

"Wanapata mtu mmoja zaidi mwenye kazi, Shemeji. Basi."

"Hakuna mtu anayelipa apate basi."

Shemeji alicheka, akampiga begani, akasema hakuna fundi wa kufundisha kama yeye mjini humu. Nusu Gramu alijua kilemba cha ukoka anapovikwa. Yeye angetimiza miaka sitini, umri wa kustaafu, baada ya miezi minane. Hakuhitaji kalamu kupiga hesabu hiyo: miezi sita ya kumfundisha mgeni, miwili ya mgeni kuzoea, kisha hotuba fupi, saa ya ukutani ya zawadi, na kwaheri Shemeji.

Mchana ule machale yalimcheza zaidi. Alipita mezani kwa Shemeji kutafuta bisibisi, akaona karatasi yenye jina lake kamili, tarehe yake ya kuzaliwa, na mstari mwekundu chini ya mwaka. Shemeji aliingia na chai yake, akaweka kikombe juu ya karatasi. Mtu mwingine angeona kikombe. Nusu Gramu aliona njama.

Nyumbani alimweleza mkewe, sauti chini, kama ukuta nao umo kwenye mpango.

"Si umuulize tu?" mkewe alisema, akiendelea kukunja nguo.

"Nimuulize ili ajue nimejua?"

"Ajue umejua nini? Umeona karatasi na kikombe."

"Mdogo wako ana mstari mwekundu chini ya umri wangu."

"Mdogo wangu huyo ulimshikia baiskeli mpaka suruali ikakuchanika. Leo ndio amekuwa adui?" Akakusanya nguo zake. "Wewe ukifika peponi utauliza mlango umefunguliwa na nani."

Hakumuuliza. Aliamua kukaa chonjo.

Mgeni alifika wiki iliyofuata. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja aliyefanya kazi miaka kumi na mmoja katika kiwanda cha mikate, mpaka tanuri zikauzwa na mlango ukafungwa kwa mnyororo. Tangu hapo alikuwa amekaa miaka miwili bila kazi. Alikuwa na watoto wawili na mama yake mzazi, wote katika chumba na sebule, na alisema waziwazi siku ya kwanza kwamba kazi hii akiikosa hajui pa kwenda tena, kwa sababu ameshabisha hodi kote. Kiwandani alikuwa mkataji wa donge. Mkono wake ulikata unga wa mkate mmoja bila kupima, na ukienda kupima ulikuta ni uzito ule ule. Haukupita muda mtaa mzima ulimwita Dada Mikate.

Nusu Gramu alimjaribu. Siku ya pili aliacha sarafu juu ya meza, kama imesahauliwa. Dada Mikate akaifuta vumbi na kumpelekea. Mtu mwingine angesema huyu ni mwaminifu. Nusu Gramu alisema moyoni: ameelekezwa.

Lakini kufundisha alifundisha, maana kazi mbovu aliichukia kuliko alivyoogopa njama. Alimwonyesha jinsi ya kuosha vyuma, ya kusikiliza springi iliyochoka, ya kunoa ule ukingo mwembamba ambao mkono wa mizani huukalia. Dada Mikate hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mwezi wa pili alikuwa akirekebisha mizani za sokoni peke yake. Mwezi wa tatu wauza nyama walianza kumuulizia. Kila alivyozidi kujua, ndivyo roho ya mwalimu wake ilivyozidi kuwa juu. Angekuwa mzito wa kichwa, Nusu Gramu angelala usingizi.

Na kila walipofika kwenye jiwe la moto, aligeuka. Dada Mikate alirudi nyuma hatua mbili, akafumbata mikono. Hakuchungulia hata siku moja. Hilo nalo lilimtia shaka. Mtu gani asiyechungulia?

Mwezi wa nne, akipekua rafu ya mawe mabovu, mawe ya kutupwa, alikuta moja la nusu kilo lenye risasi mpya tunduni. Akalipima. Mshale ulisimama katikati, haukwenda huku wala huko. Dada Mikate alikuwa akijaribu mwenyewe, wakati yeye yuko kwenye chai, na alikuwa amepata. Hakujiuliza amepataje. Alijua: ameibiwa, kwa nyuma, kwa macho. Pembeni mwa lile jiwe yalikuwapo mengine matano, mawili sawa na matatu yamezidi, lakini hayo matatu hakuyatilia maanani.

Kesho yake alitundika gunia kwenye kamba, mbele ya marumaru.

"Hili la nini, Shemeji?" bosi aliuliza.

"Vumbi."

"Vumbi limekuja mwaka huu?"

Nusu Gramu alijifanya hamnazo. Tangu siku ile alifanya hatua ya mwisho nyuma ya pazia la gunia, na Dada Mikate alibaki upande wa pili na mikono yake imefumbatwa.

Mkaguzi alikuja siku ya mwisho ya mwezi wa sita, mwanamume mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na mkoba uliochoka. Alikuwa amekagua karakana nyingi na hakuwa na haraka. Alikaa, akapanga fomu zake, akasoma kwa sauti kama sheria inavyotaka: jina la mwajiri, jina la mwanagenzi, jina la mkufunzi. Mkufunzi ndiye Nusu Gramu.

"Na hapa kuna barua ya mwajiri," mkaguzi aliendelea. "Anaomba mkufunzi huyu, ingawa anatimiza sitini, aruhusiwe kuendelea kufundisha hapa miaka mitatu zaidi. Na apokee wanagenzi wawili wapya. Tumelikubali ombi hilo, kwa sharti kwamba huyu wa leo afaulu." Akamtazama Nusu Gramu juu ya miwani. "Umri ukifika hapo, fomu zinataka barua ya pekee. Bosi wako ametusumbua sana kwa ajili yako."

Shemeji alijikuna shingo. "Sikukuambia, Shemeji, kwa sababu ningekuambia kabla haijakubaliwa ungeniuliza nani kanituma."

Nusu Gramu alitafuta kiti. Kumbe ule mstari mwekundu ulikuwa wa barua hii. Miezi sita alikuwa amemficha yule mwanamke kitu ambacho sasa hivi, mbele ya macho yake, kingemwangusha, na yeye mwenyewe angeanguka pamoja naye. Alitaka kusema neno. Lakini mkaguzi alishatazama saa, na Dada Mikate alishafunga aproni na kuwasha jiko.

Aliyeyusha risasi, akaondoa uchafu wa juu kwa kijiko, akamimina bila kumwaga tone, akagonga, akapiga tupa. Jiwe lilikuwa la nusu kilo. Mkaguzi alitikisa kichwa kwa kuridhika na kuandika. Kisha Dada Mikate akalichukua jiwe kwa kibano, akaingia nyuma ya gunia, akalivuta pazia likafunga.

Mkaguzi alimtazama Shemeji. Shemeji alimtazama Nusu Gramu. Nusu Gramu alitazama sakafu. Nyuma ya gunia ulisikika mnong'ono.

Dakika tano zikapita, sita.

"Mama," mkaguzi aliita, "samahani, mimi natakiwa kuiona kazi."

Dada Mikate alitoka, amekunja uso kidogo. "Nilikuwa sijamaliza. Lakini haya."

Alilipima. Lilikuwa jepesi kwa unywele. Akaongeza chembe ya risasi, akagonga, akapima tena, na mshale ukasimama katikati. Shemeji akapumua. Mkaguzi alilisogeza jiwe pembeni, akaomba chai, akainywa polepole akiuliza habari za wateja na mvua. Ilikuwa karibu nusu saa aliposimama na kulirudisha jiwe kwenye sahani yeye mwenyewe, kwa kibano. Sahani ikashuka.

"Limezidi," alisema.

"Nilijua," Dada Mikate alijibu. "Ni kwa sababu nimeikatisha."

"Umekatisha nini?"

"Dua."

Mkaguzi aliweka kalamu chini.

"Fundi huliombea kila jiwe," Dada Mikate alieleza, kama mtu anayeeleza kwamba maji huchemka. "Hugeuka, akainama, akaomba. Anaomba nini sikumuuliza, hayo ni yake na Mungu wake. Mimi naomba yangu. Nimejaribu mara nyingi kwenye mawe mabovu. Nikiomba kwa kirefu, jiwe linakubali. Nikiharakisha, linakataa. Au sivyo, Fundi?"

Akamgeukia. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alijua Fundi atamuunga mkono.

Shemeji kicheko kilimtoka puani, kisha kikafia hapo hapo alipoona hakuna anayecheka. Nusu Gramu, ambaye mkewe humsukuma kwenda kuswali kama anasukuma mkokoteni, alihisi masikio yakimwaka moto. Alihitaji neno moja tu. Angesema ndiyo, huwa naomba, na mkaguzi angeandika kwamba mwanagenzi ana imani za ajabu na ameshindwa. Wanagenzi wawili wasingekuja, lakini jina lake lingebaki safi, na Shemeji angetafuta mpango mwingine wa kumbakiza. Mwanamke yule angechukua mkoba wake na kurudi kubisha hodi. Na hakuna ambaye angejua, maana lilikuwa gunia tu na mgongo.

"Mkufunzi," mkaguzi alisema. "Ni kweli?"

"Siombi," Nusu Gramu alisema. "Nangoja lipoe. Jiwe la moto mizani hulisoma jepesi. Akiomba kwa kirefu linapoa, ndiyo maana linakubali." Kisha akamalizia, kwa sababu nusu ya ukweli hakuwahi kuipitisha kwa mtu. "Sikumwambia. Nilimgeuzia mgongo makusudi, miezi yote sita. Na hilo gunia nimelitundika mimi. Nilidhani ameletwa kuchukua nafasi yangu."

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma alichoandika. Mwanagenzi hakushindwa, hakufundishwa. Apewe miezi miwili zaidi, mshahara wote juu ya mwajiri, apimwe tena. Mkufunzi hakubaliwi. Barua ya miaka mitatu imefutwa, na wanagenzi wapya watapelekwa kwingine. Alikunja fomu, akawashukuru kwa chai, akaenda zake.

"Ungeniuliza tu, Shemeji," bosi alisema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Dada Mikate alikuwa akinawa mikono kwenye ndoo, kidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo nilikuwa naomba bure?" aliuliza.

"Ulikuwa unangoja. Kungoja ndiko kulikokusaidia."

"Niliwaombea watoto wangu pale," alisema. "Na mama. Nilipokuwa na nafasi nilikuombea na wewe, Fundi. Mgongo usikuume, maana nilikuona unainama sana."

Usiku ule mke wa Nusu Gramu alianza kucheka aliposikia habari ya dua, akacheka mpaka akashika ubavu, na mumewe alipofika hapo pa mgongo akaacha. Hakumtania tena juma zima, na hilo lilimtisha.

Jumatatu alifika kabla ya wote, akalishusha gunia na kulikunja. Dada Mikate alipoingia alimweka mbele ya marumaru, uso kwa uso, akamwonyesha yote: jinsi ya kulisogelea jiwe kwa shavu, jinsi ya kuhesabu, siku za joto ungoje kiasi gani na siku za baridi kiasi gani. Alimwambia hata makosa yake ya miaka ile minne, ambayo hata mkewe hakuyajua. Dada Mikate alitazama, akarudia mara tatu, akapata mara tatu. Akasema, "Asante, Fundi," kama siku zote. Nusu Gramu alianza kufikiri pengine yamekwisha.

Siku ya Jumatano Dada Mikate alichelewa kurudi kutoka chakula cha mchana. Haijawahi kutokea. Alipoingia, jasho likimtoka, Nusu Gramu alimuuliza kuna tatizo gani nyumbani.

"Hakuna. Nilikwenda kwa fundi mwingine wa mizani, upande wa pili wa soko."

"Kufanya nini?"

"Kumuuliza."

Alitoa mfukoni karatasi nne zilizoandikwa pande zote kwa mwandiko mdogo. Hakuficha, alizitandaza mezani. Lilikuwamo jambo la marumaru, la kungoja, la shavu. Lakini hayo yalikuwa mwishoni kabisa. Kabla yake yalikuwamo mengine yote, tangu siku ya kwanza: kuosha vyuma, springi, tupa, ukingo mwembamba, kibano, kila neno ambalo Nusu Gramu alimwambia kwa miezi sita. Mbele ya kila mstari kulikuwa na alama ya vema, kwa wino wa kalamu ya mtu mwingine.

"Amesema yote ni sawa," Dada Mikate alisema. Hakuwa na kejeli, wala hasira. Alizikunja karatasi zake, akazirudisha mfukoni, akafunga aproni. "Nisamehe, Fundi. Sikuwa na njia nyingine ya kujua."